Kaboni ya mkaa na kaboni ya makaa ya mawe: je, si ile ile?

Swali limetoka kwa mwalimu wa jiografia wa sekondari wilayani Tunduru, ambaye shule yake iko kando ya barabara ya Songea kwenda Mtwara, pale ambapo malori ya makaa ya mawe hupita kuelekea bandarini. Anaeleza kwamba alipokuwa akifundisha mzunguko wa kaboni, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono na kuuliza: ikiwa makaa ya mawe ni mimea ya kale, na mkaa tunaopikia ni miti ya leo, na vyote vikichomwa vinatoa hewa ukaa ile ile, kwa nini lawama ya mabadiliko ya tabianchi inaelekezwa zaidi kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi? Mwalimu ameongeza maswali mawili ya kwake: je, volkano hazitoi hewa ukaa nyingi kuliko binadamu, na je, tukipanda miti ya kutosha hatutakuwa tumeirudisha kaboni yote mahali pake?

Mwalimu, mwanafunzi wako ana haki katika nusu ya hoja yake. Molekuli ya hewa ukaa inayotoka kwenye jiko la mkaa na ile inayotoka kwenye tanuri la kiwanda huzuia joto kwa kiasi kile kile, na jani la muhogo linaweza kujitengenezea chakula kwa yoyote kati ya hizo mbili. Tofauti tunayoitafuta iko katika historia yake: kaboni hiyo ilikuwa wapi kabla ya kuchomwa, ilikaa huko muda gani, na ikishatoka inarudi kwa mlango upi. Nishati za kisukuku, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, ni kaboni iliyokuwa imeshatoka kwenye mzunguko wa viumbe hai kwa mamilioni ya miaka, nasi tunaiingiza upya kwa kasi ambayo dunia haina njia ya kuiondoa kwa kasi kama hiyo. Hilo ndilo jibu lenyewe, lakini kijana aliyeuliza swali zuri namna hiyo anastahili kuonyeshwa hesabu na ushahidi wake.

Tuanze na mzunguko wa kasi, ule uliomo katika vitabu vya shule. Mimea ya nchi kavu, kwa njia ya usanisinuru, huchukua hewani takriban tani bilioni 120 za kaboni kila mwaka. Karibu kiasi hicho hicho hurudi hewani mimea yenyewe inapopumua, kuvu na bakteria wanapoozesha majani, mchwa wanapokula magogo na moto unapopita kwenye mbuga. Bahari nayo hupokea kutoka hewani tani bilioni 80 hivi na kurudisha kiasi kinachokaribiana na hicho. Vipimo ambavyo mwanasayansi Charles David Keeling alivianzisha mwaka 1958 huko Mauna Loa, Hawaii, vinauonyesha mzunguko huu kama pumzi: kila mwaka kiwango cha hewa ukaa hupanda hadi mwezi Mei, kisha hushuka hadi karibu na Septemba wakati misitu ya kaskazini imevaa majani, na tofauti kati ya kilele na bonde ni sehemu 6 hivi katika kila milioni. Ila kila pumzi huishia juu kuliko iliyotangulia. Vipimo vya mwanzo vilikuwa karibu na sehemu 315 katika milioni. Mwaka 2024 wastani ulikwishavuka 420. Viputo vya hewa ya kale vilivyonaswa katika barafu ya Antaktika vinaonyesha kwamba kabla ya enzi ya viwanda kiwango kilikaa karibu na 280 kwa maelfu ya miaka, ingawa pumzi ya mimea na bahari ilikuwapo wakati wote huo.

Mfano ninaoupenda ni wa upatu. Wanachama kumi hutoa na kupokea kila wiki, fedha nyingi hupita mikononi, lakini jumla ya fedha iliyomo kikundini haiongezeki. Sasa chukulia kwamba mmoja wao anaanza kufukua sarafu zilizozikwa na mababu chini ya sakafu, akaziongeza kidogo kidogo kila wiki. Hata kama anachoongeza ni haba ukilinganisha na fedha inayopita mikononi, jumla itapanda wiki baada ya wiki, kwa sababu hakuna mwanachama anayezika kwa kasi hiyo. Nishati za kisukuku sasa zinatoa tani bilioni 10 za kaboni kwa mwaka, au zaidi kidogo. Mbele ya zile bilioni 120 na 80, kiasi hicho kinaonekana kidogo, na wako watu wanaosimama hapo na kutangaza kwamba mchango wa binadamu hauna uzito. Wanalinganisha fedha inayozunguka na fedha inayoongezwa, na hilo ni kosa la hesabu ambalo ningependa kila mwanafunzi ajifunze kuliona.

Kuzika kwa asili kupo, na ndiko makaa ya mawe yalikoanzia. Makaa ya Bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa Tanzania, yana asili yake katika vinamasi vya yapata miaka milioni 280 iliyopita, wakati Afrika ilipokuwa imeungana na India, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini katika bara moja liitwalo Gondwana. Mmea uliotawala vinamasi vya bara hilo unaitwa Glossopteris, jina lililotungwa kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ulimi, kwa kuwa jani lake lina umbo la ulimi na mshipa mnene katikati. Ukipasua taratibu mwamba wa tope uliolala juu ya tabaka la makaa, unaweza kubahatika kukuta alama ya jani hilo, mishipa yake midogo imesukana kama wavu wa mvuvi, safi kana kwamba limeanguka juzi. Na mmea wenyewe haupo tena popote duniani. Majani na magogo hayo yaliangukia maji yaliyokosa oksijeni, viozeshaji wakashindwa kuyamaliza, tope jipya likayafunika, na kadiri mzigo wa juu na joto la chini vilivyoongezeka, maji na gesi vilikamuliwa na kaboni ikabaki. Mafuta ya petroli kwa sehemu kubwa yalitokana na viumbe wadogo wa majini waliozikwa kwa namna inayofanana, na gesi asilia hutokana na vyanzo vyote viwili.

Jambo la kulikazia hapa ni udogo wa kiasi kinachofanikiwa kuzikwa. Kati ya zile tani bilioni 120 zinazochukuliwa na mimea ya nchi kavu, na nyingine nyingi zinazochukuliwa na mwani wa baharini, kaboni ya viumbe inayofungiwa chini ya matope ya bahari na vinamasi kila mwaka haifiki hata theluthi moja ya tani bilioni moja. Tena sehemu kubwa ya hiyo hutawanyika kama chembe ndani ya mawe, isipate kamwe kuwa makaa au mafuta ya kuchimbika. Hata hivyo uzikaji huu wa polepole ndio uliotuletea hewa tunayoivuta, maana kila atomu ya kaboni iliyozikwa bila kuoza iliiacha oksijeni yake hewani. Ghala la chini lilikuwa na kazi yake katika mzunguko kabla binadamu hajatokea, na pia lilikuwa na mlango wa kutokea: milima ilipoinuka na mito ilipokata matabaka ya zamani, kaboni ile ilikutana tena na oksijeni na kurudi hewani kwa mwendo wa kinyonga. Kuingia na kutoka kulikaribiana.

Sisi tumeupanua mlango wa kutokea bila kuugusa ule wa kuingilia. Tangu mwaka 1850 uchomaji wa nishati za kisukuku umetoa kaboni inayokaribia tani bilioni 500, kiasi kinacholingana na kaboni yote iliyomo katika mimea hai ya dunia ya leo, kuanzia misitu ya Kongo hadi nyasi za Serengeti. Kilichohifadhiwa kwa mamia ya mamilioni ya miaka kimetolewa katika vizazi saba au vinane hivi.

Ili wanafunzi waione hesabu kwa macho, warudi barabarani. Chukua lori lililobeba tani 30 za makaa ya mawe, na tuseme asilimia 60 ya uzito huo ni kaboni, iliyobaki ikiwa majivu, unyevu na vitu vingine. Humo mna tani 18 za kaboni. Kaboni ina uzito wa atomu 12, na ikiungana na atomu mbili za oksijeni molekuli inakuwa na uzito wa 44. Kwa hiyo tani 18 zikichomwa zinakuwa tani 66 za hewa ukaa. Wanafunzi wengi hushtuka hapa, wakiuliza moshi utawezaje kuwa mzito mara mbili ya mzigo wenyewe, na jibu ni kwamba oksijeni iliyoongeza uzito imetoka kwenye hewa inayovuma jikoni humo. Ndivyo pia lita moja ya petroli, ambayo haifikii hata uzito wa kilo moja, inavyotoa zaidi ya kilo 2 za hewa ukaa kwenye bomba la pikipiki. Sisemi hivyo kumlaumu dereva wa lori wala wa bodaboda. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya kisukuku inayotolewa duniani kila mwaka. Nataka tu namba zisibaki za kufikirika.

Je, inakwenda wapi? Ikiwa tutajumlisha kaboni ya kisukuku na ile inayotokana na ukataji wa misitu, chini kidogo ya nusu hubaki hewani, bahari huchukua takriban robo, na mimea na udongo huchukua sehemu iliyosalia. Huu ni msaada mkubwa tunaopewa bila kuomba, lakini una gharama. Hewa ukaa ikiyeyuka majini hutengeneza tindikali dhaifu, na tangu kuanza kwa enzi ya viwanda tindikali ya maji ya juu ya bahari imeongezeka kwa karibu asilimia 30, kipimo cha pH kikishuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Viumbe wanaojenga mifupa na makombe kwa chokaa, wakiwemo matumbawe wanaowafuga samaki wa Mafia na Pemba, wanalazimika kutumia nguvu zaidi kujenga kile kile. Isitoshe, maji yakipata joto uwezo wake wa kushika gesi hupungua. Fungua soda iliyotoka kwenye barafu na nyingine iliyoachwa juani, uone ipi itafura na kumwagika. Gesi iliyomo katika chupa hizo ni hewa ukaa, na bahari inafuata sheria ile ile ya kemia.

Kuna kauli moja inayopotosha, kwamba hewa ukaa hukaa hewani miaka michache tu. Ni kweli kwamba molekuli moja moja huchukuliwa na mmea au bahari baada ya miaka michache, lakini nafasi yake hujazwa na nyingine inayotoka huko huko. Ziada yenyewe, yaani kile kimo kilichopandishwa, haiondoki kwa kubadilishana. Makadirio ni kwamba kati ya asilimia 15 na 40 ya tutakachokuwa tumekitoa karne hii itakuwa bado hewani baada ya miaka 1,000. Kazi ya mwisho ya kuisafisha hufanywa na mvua: hewa ukaa huyeyuka katika matone, tindikali yake dhaifu humomonyoa mawe, mito kama Ruvuma na Rufiji hubeba madini yaliyoyeyuka hadi baharini, na huko yanageuka chokaa na kutulia chini. Kazi hiyo huchukua mamia ya maelfu ya miaka. Mawe ya matumbawe yaliyojenga nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja ni kaboni ya namna hiyo, na waashi wa pwani walipoyachoma kwenye tanuri kupata chokaa, waliitoa hewa ukaa iliyokuwa imefungwa humo. Kisha chokaa hiyo ikishapigwa ukutani huanza kuinyonya tena hewa ukaa taratibu inapokauka na kugeuka jiwe. Saruji ya leo hutokana na uchomaji huo huo wa mawe ya chokaa, kwa kiwango kikubwa zaidi, na ndiyo maana wahasibu wa kaboni huijumlisha pamoja na nishati za kisukuku.

Sasa volkano. Katika ukanda wetu hakuna mfano bora kuliko Ol Doinyo Lengai, mlima pekee duniani unaojulikana leo kutoa lava ya chumvi za kaboneti, lava nyeusi inayogeuka nyeupe ndani ya siku chache ikipigwa na unyevu. Unatoa hewa ukaa kwa hakika, kama inavyotoka pia kwenye nyufa nyingi za Bonde la Ufa. Lakini ukijumlisha volkano zote, za nchi kavu na za chini ya bahari, kiasi chake cha mwaka hakifiki asilimia 1 ya kile kinachotokana na nishati za kisukuku. Na hatutegemei hesabu ya majumlisho peke yake, kwa sababu hewa yenyewe inatoa ushahidi.

Hapa narudi kwa mwanafunzi wako, kwani kumbe kaboni hizo mbili maabara inaweza kuzitofautisha. Katika hewa mna kiasi kidogo sana cha kaboni 14, isotopu (yaani aina ya atomu ya kaboni iliyotofautiana na nyingine kwa uzito) yenye mnunurisho inayozalishwa na miale kutoka anga za juu. Kila mmea ulio hai unayo, na ukifa kiasi hicho hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Mti wa miombo uliokatwa mwaka jana na kugeuzwa mkaa bado una kaboni 14. Jani la Glossopteris la miaka milioni 280 halina hata chembe. Ikiwa hewa inaongezewa kaboni ya kisukuku, basi kaboni 14 ya angahewa lazima ipunguke uwiano, na hilo ndilo mwanakemia Hans Suess alilolionyesha mwaka 1955 kwa kupima mbao za miti. Mimea inayoota kando ya barabara kuu zenye magari mengi, ikipimwa kwa kaboni 14, huonekana kama ni ya zamani kuliko umri wake wa kweli, kwa kuwa imejilisha moshi wa petroli.

Ushahidi wa pili ni kaboni 13. Mimea hupendelea isotopu nyepesi ya kaboni 12, kwa hiyo chochote kilichowahi kuwa mmea, kiwe kuni au makaa ya mawe, kina kaboni 13 pungufu. Na uwiano wa kaboni 13 katika hewa unashuka, jambo ambalo volkano au maji ya bahari visingeweza kulisababisha kwa namna hiyo. Wa tatu ni oksijeni. Ralph Keeling, mtoto wa Charles David Keeling, alibuni njia ya kuipima kwa usahihi mkubwa, na tangu karibu mwaka 1990 vipimo vinaonyesha inapungua kila mwaka. Wanafunzi wasihofu, maana oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa na upungufu huo ni mdogo mno kumzuia mtu kupumua. Maana yake ni nyingine: volkano inapotoa hewa ukaa haihitaji kutumia oksijeni ya hewani, ila moto unaihitaji. Kaboni 13 inasema kilichochomwa kilikuwa mmea au kiumbe, oksijeni inasema kilichomwa kweli, na kaboni 14 inasema kilikuwa cha kale sana.

Lazima niwe mkweli kuhusu mkaa, nisije nikaonekana ninausafisha. Mti wa miombo wa miaka 30 ulichukua kaboni yake hewani ndani ya miaka hiyo 30, na kisiki kikiachwa kichipue, kaboni iliyotolewa jikoni itachukuliwa tena na kizazi kijacho cha matawi. Msitu ukigeuzwa shamba la kudumu, au ukakatwa upya kabla haujakomaa, deni halilipwi na kaboni ile inabaki hewani kama ile ya makaa ya mawe. Upotevu wa misitu duniani unachangia takriban tani bilioni 1 ya kaboni kwa mwaka baada ya kutoa kinachochipua tena. Tofauti ni kwamba kwa mkaa lipo sharti ambalo likitimizwa hesabu inafungwa, na muda wake ni umri wa mtu. Kwa makaa ya mawe hakuna sharti la namna hiyo.

Hilo linanifikisha kwenye swali lako la miti, Mwalimu. Kupanda miti na kulinda misitu ni kazi yenye thamani kubwa kwa maji, udongo na mvua, na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kaboni inayoingia kwenye mti imeingia katika ghala la mzunguko wa kasi, mahali ambapo moto, shoka, ukame na mchwa vinaweza kuitoa wakati wowote. Haijarudi chini ya mwamba ilikotoka. Halafu kuna ukubwa wa eneo. Hekta moja ya miombo inayochipua upya hukusanya kati ya nusu tani na tani moja ya kaboni kwa mwaka. Kwa kasi ya tani moja, kufidia tani bilioni 10 za kila mwaka kungehitaji hekta bilioni 10 za miti inayokua mfululizo, ilhali nchi kavu yote ya dunia ukiacha Antaktika ni hekta bilioni 13 hivi, pamoja na majangwa, miji na mashamba yote ya chakula.

Wanafunzi wanaweza kulifanyia kazi hilo wenyewe bila maabara. Lile lori la tani 30 lilikuwa na tani 18 za kaboni, kwa hiyo linahitaji hekta moja ya miombo ikue kati ya miaka 18 na 36 bila kuguswa ili kuzichukua, kisha ibaki imesimama. Waketi kando ya barabara kwa saa moja, wahesabu malori yanayopita na mzigo, na waandike hekta moja kwa kila lori. Jibu lao litakuwa ni msitu ambao kizazi chao chote kingepaswa kuulinda kwa ajili ya saa hiyo moja.